Kondoo mmoja ao kondoo wengi? Maneno juu ya kitenzi cha Kingereza

Sisi wa kalasi ya mwisho tumepewa ukurasa huu katika gazeti letu dogo, na kwanza tuliulizana: tuandike juu ya nini? Wengine walitaka habari za mpira, wengine habari za kwaya. Lakini mwaka huu wote, siku tatu kwa juma, saa ya kujisomea ya mangaribi, tunakaa na wadogo wetu kuwasaidia Kingereza, na kuna somo moja linalowasumbua kupita mengine yote. Njo hilo tunaleta hapa. Ni somo la kupatanisha kitenzi na kiima chake. Musigeuze ukurasa haraka! Tutajaribu kusema kwa maneno mepesi, na katikati kuna habari ya kondoo.

Tuanze chini kabisa. Katika kila sentensi kuna mwenye kutenda. Kifaransa kinamwita «sujet», Kiswahili cha vitabu kinamwita kiima. Kisha kuna neno la tendo, ni kitenzi. Kiima ni kama chifu, kitenzi ni mtumishi wake. Chifu akiwa mmoja, mtumishi anavaa nguo ya umoja. Wakiwa wengi, anavaa nguo ya wingi. «The boy sings», kijana anaimba. «The boys sing», vijana wanaimba. Munaona «s» ni moja tu: ikikaa kwa jina, inatoka kwa kitenzi, ikitoka kwa jina, inarudi kwa kitenzi. Wadogo wetu wanaimbaka sheria hiyo hata njiani wakienda kuchota maji, na hakuna anayeshindwa.

Shida inaanza siku ile chifu anajificha. Ao siku anavaa nguo za watu wengi na kumbe yeye ni mmoja. Ao siku wanakuja machifu wawili na hatujui mtumishi amfuate yupi. Hapo hata mwanafunzi mwenye alama nzuri anaanza kukuna kichwa.

Wengine watasema: sisi ni Wakongo, lugha ya serikali yetu ni Kifaransa, Katiba ya mwaka 2006 inataja tena lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, Kingereza hakimo, sasa tujisumbue sababu gani? Tunajibu: mutazame mahali tunapokaa. Ariwara ni mji wa soko karibu na mpaka. Ukitoka hapa, Uganda si mbali, na Arua ni mji ambao wazazi wetu wengi wanaujua kuliko Bunia. Kwa soko letu shilingi za Uganda zinapita mkononi kila siku. Karatasi za dawa, maneno juu ya mifuko ya simenti, barua za wachuuzi, ujumbe wa simu, mara nyingi vinakuja kwa Kingereza. Tena kati yetu kuna waliosoma upande ule. Mwaka 2018, kwa ajili ya mauaji ya Djugu, watu wengi wa Ituri walivuka Ziwa Albert wakakimbilia Uganda, na watoto wao waliingia masomo ya Kingereza. Wengine wamerudi, na leo tunakaa nao benchi moja. Na mwisho wa yote, sisi wa kalasi ya mwisho tunangojewa na Examen d'État, ambayo ina siku yake ya lugha, na Kingereza kimo.

Sasa, sababu gani somo hili ni gumu kwetu hasa? Tulifikiri sana tukaona kwamba kila lugha tuliyo nayo inatusaidia upande mmoja na kutudanganya upande mwingine.

Kilugbara, ambacho wengi wetu tulinyonya nacho, hakina ngeli kama zile za Kiswahili. Lingala ya kila siku kule Kinshasa inatofautisha watu, mmoja ni «a-», wengi ni «ba-», lakini kwa vitu inatosheka na «e-» tu, kiwe kimoja ao viwe vingi. Kiswahili cha vitabu kina upatanisho mwingi kuliko Kingereza mara kumi: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka. Lakini munajua vizuri jinsi tunavyosema Kiswahili hapa kwetu. Tunasema «kiti iko», «viti iko», «miti iko», na tunasikilizana bila taabu. Basi mtoto aliyezoea «iko» kwa kila kitu, ukimwambia achague kati ya «is» na «are», anaona ni kazi bure.

Kifaransa nacho kina hila yake. Kinapatanisha sana, lakini zaidi kwa karatasi. «Il mange» na «ils mangent», mutege sikio: kitenzi kinasikika sawasawa. Wingi unaonekana kwa macho, kwa ile «-nt» ya mwisho ambayo haisemwi. Kumbe Kingereza kinataka tusikie: «eats» na «eat» havifanani mdomoni. Mwanafunzi wa Kifaransa anaweza kuandika vizuri na akisema anakosa, sababu sikio lake halikufundishwa kungojea kitu mwisho wa kitenzi.

Lakini tusiogope. Kingereza ni maskini kwa jambo hili. Zamani vitenzi vyake vilikuwa na miisho mingi. Katika Biblia yao ya mwaka 1611 bado munaona mwisho wa «-eth» mahali ambapo leo wanaweka «s». Ile miisho imekufa karibu yote. Kwa wakati wa sasa imebaki «s» moja ya umoja, ya yeye ao kitu kimoja. Kwa wakati uliopita, kitenzi kinachobadilika ni kimoja tu, «was» na «were». Na «can», «must», «will» havibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo walinzi ni wachache: «s», kisha «am», «is», «are», «has», «have», «was», «were». Ukiwajua hao, umefika mbali.

Wadogo wetu waliuliza: sasa walinzi hao wanalinda nini? Kama watu wanasikilizana na «iko», hiyo «s» ni ya kujivuna tu? Ni swali la haki, na tunajibu kwa habari ya kondoo.

Mzazi mmoja wa hapa aliacha mifugo yake kwa ndugu yake upande wa pili wa mpaka: kondoo sita na mbuzi wanne. Kisha aliletewa habari kwamba kuna ugonjwa, na daktari wa mifugo amekuja, na sasa atume pesa za dawa ya kondoo wote sita. Pamoja na habari ilikuja karatasi ya daktari, ya Kingereza, maneno machache. Mzazi alianza kutafuta pesa za kukopa. Ilikuwa pesa ya kutosha kumtoa mtoto wake masomo muhula mzima, na mtoto huyo alikwisha kuambiwa ajitayarishe kubaki nyumbani. Yeye njo alileta karatasi kwetu saa ya kujisomea. Iliandikwa: «The sheep was treated and has recovered. The goats were not treated.»

Tunawaomba muisome polepole. Neno «sheep» halina nguo ya wingi. Kondoo mmoja ni «sheep», kondoo mia ni «sheep». Ukitazama jina peke yake, hutajua kitu. Lakini tazama watumishi: «was», si «were», «has», si «have». Mashahidi wawili wanasema jambo moja: kondoo mmoja alipewa dawa, na mmoja huyo amepona. Kwa mbuzi aliandika «were», maana yake daktari huyu alijua kutofautisha. Tulimweleza mtoto, naye alimweleza baba yake. Baba alipiga simu kwa daktari mwenyewe, si kwa mjumbe, na daktari akajibu: ni mmoja tu, wengine walikuwa wazima. Mzazi alilipa dawa ya kondoo mmoja. Mtoto yuko kalasini.

Basi «s» ni ya kujivuna? Na muone tena: Kiswahili chetu kingeweza kufanya kazi ile ile. «Kondoo alipewa dawa», «kondoo walipewa dawa»; jina ni moja, kitenzi kinahesabu. Mbuzi, ng'ombe, kuku, kondoo, wote ni vile. Lakini tukisema «kondoo iko nakufa», nani atajua ni mmoja ao ni zizi lote? Hatusemi muache Kiswahili cha nyumbani. Ni kizuri, na kina joto lake. Tunasema tu kwamba siku ya kuandika, kitenzi kinachukua hesabu mgongoni mwake, na asiyekitazama anaweza kulipa kondoo watano wa bure.

Sasa tuingie katika mitego yenyewe. Tumeipanga kwa namba, kama tunavyoifundisha.

1. Chifu aliyefunikwa. «The price of tomatoes has gone up.» Wadogo wengi wanaandika «have», sababu «tomatoes» iko karibu na kitenzi, tena ina «s». Lakini uliza kama muchuuzi: nini imepanda? Nyanya zimepanda mti? Hapana, ni bei. Bei ni moja, basi «has». Dawa yetu ni kidole: funika kwa kidole maneno yote kuanzia «of», utaona chifu anabaki peke yake na mtumishi wake. «The list of pupils who have not paid is on the door.» Hapa kuna vitenzi viwili na machifu wawili. Wasiolipa ni wanafunzi, njo maana «have». Kitu kilicho mlangoni ni orodha, njo maana «is». Sentensi hiyo tunaijua wote, na wengine wetu wanaijua kwa machozi.

2. «Na» yetu ya Kiswahili. «Na» inabeba mizigo miwili: inaunganisha, tena inasindikiza. «Mwalimu na wanafunzi wanakwenda Aru.» «Mwalimu anakwenda Aru na wanafunzi.» Safari ni ile ile, lakini kwa sentensi ya kwanza machifu ni wengi, kwa ya pili ni mwalimu tu, wanafunzi ni wasindikizaji. Kingereza kina maneno mbalimbali kwa mizigo hiyo. «The teacher and the pupils are going.» Lakini: «The teacher, together with the pupils, is going.» Hata wanafunzi wawe mia mbili, «together with», «with», na «as well as» haviwafanyi kuwa machifu. Ukitaka kujua, geuza sentensi iwe Kiswahili na usikilize kama unasema anakwenda ao wanakwenda. Mara moja moja «and» yenyewe inaunganisha vitu viwili vikawa chakula kimoja: «Rice and beans is my favourite food.» Sahani ni moja.

3. Kila mtu. «Everyone», «everybody», «each», «nobody». Mtoto anafikiri: kila mtu ni watu wote, watu wote ni wengi, basi «are». Lakini hebu tumuulize kwa lugha yake: nani amewahi kusema «kila mtu wanakula»? Hakuna. Tunasema kila mtu anakula. Kifaransa nacho kinasema «tout le monde mange», kwa umoja. Lugha tatu zinakubaliana, ni jambo la nadra! «Everyone eats. Each of the girls has a book.» Kwa hii ya pili tumia kidole tena: funika «of the girls».

4. Nguo inayodanganya. Kuna majina yanayovaa «s» na ni moja: «The news is good. Mathematics is difficult.» Mwanafunzi wa Kifaransa anaanguka hapo, sababu amezoea «les nouvelles sont», «les mathématiques sont». Na kuna majina bila «s» ambayo ni mengi: «People are waiting. Children are playing. The police are coming.» Kwa Kifaransa «la police» ni mmoja, mwanamke tena, kwa Kingereza ni wengi daima. Sababu gani? Sababu wanatazama maana, si umbo: polisi ni watu. Musiwacheke Wangereza, na sisi tunafanya vile. Neno «kiongozi» linaanza na «ki-» kama kiti, lakini husemi «kiongozi kimefika». Unasema amefika, sababu ni mtu. Kijana anasoma, kipofu anapita, viongozi wamekaa. Maana imeshinda umbo.

Kwa mtego huu wa nne muandike katika kaye zenu majina haya, ambayo Kifaransa kinayahesabu na Kingereza hakiyahesabu: «luggage», «furniture», «information», «advice», «hair». Mizigo yako iwe kumi, ni «my luggage is heavy». Nywele zako zote kichwani ni «her hair is long». Na upande mwingine, suruali moja ya Kifaransa, «un pantalon», kwa Kingereza ni wingi, «my trousers are torn», labda sababu miguu ni miwili.

Mwenzetu mmoja alituletea swali kutoka Biblia ya Kingereza ya 1611: katika Waroma 6:23 neno «wages» lina «s», kwa nini linafuatwa na «is»? Aliyeuliza alisoma kwa macho mazuri. Zamani neno hilo lilihesabiwa mara kwa wingi, mara kwa umoja, kama mshahara mmoja. Leo, ukiandika juu ya malipo ya kazi, utaweka «are». Kiswahili hakioni taabu hapo, sababu «ni» yetu haibadiliki: mshahara ni, mishahara ni, mimi ni, ninyi ni. Na hiyo «ni» njo inatulalisha usingizi. Tukifika kwa «is» na «are» tunafikiri bado tuko nyumbani.

5. Chifu anayetembea nyuma. Kwa kawaida chifu anatangulia. Lakini kwa «there is» na «there are» mtumishi anatangulia na chifu anakuja nyuma. «There is a goat in the garden. There are goats in the garden.» Hapa Kifaransa na Kiswahili vinatudanganya pamoja. «Il y a» haibadiliki, na «kuna» haibadiliki: kuna mbuzi, ni hivyo hivyo. Basi kabla ya kuandika «there is», simama, tazama mbele, hesabu wanaokuja.

6. Pesa, njia na siku. «Twenty thousand shillings is not enough.» Shilingi ni nyingi, lakini ni bei moja, furushi moja lililofungwa. Vile vile «ten kilometres is far», «three weeks is a long time». Ukifungua furushi na kuhesabu noti moja moja, wingi unarudi. Kwa nusu, tazama kinachogawanywa: «half of the maize is wet», lakini «half of the pupils are sick». Mahindi kwa Kingereza hayahesabiwi, wanafunzi wanahesabiwa.

7. Machifu wanaogombana. «Neither the teacher nor the pupils are here.» Mmoja ni umoja, wengine ni wingi. Vitabu vingi vinasema: fuata yule aliye karibu na kitenzi. Geuza, na kitenzi kinageuka: «Neither the pupils nor the teacher is here.» Na musichanganye ndugu hawa wawili: «the number of pupils is big», hesabu yenyewe ni moja, «a number of pupils are absent», maana yake wanafunzi kadhaa. Neno ni lile lile, mlango umebadilika.

Hiyo ni mitego saba. Mwenye kuishika amepita mahali penye miiba. Lakini bado kuna jambo moja ambalo halimo katika kitabu cha gramere, na sisi tunaliona kubwa kuliko yote saba.

Ni kicheko.

Muhula wa kwanza, mdogo wetu mmoja aliyesoma upande wa Uganda aliulizwa kwa Kingereza wazazi wake wanakaa wapi. Alijibu: «My family are still in Uganda.» Kalasi ilicheka. Wengine walipiga kelele, «Is! Is! Family is!» Yule mtoto alikaa chini, na kwa majuma matatu hakufungua tena kinywa kwa Kingereza, lugha ambayo anaijua kuliko sisi wote. Tulipomuuliza saa ya kujisomea, alisema tu: «Wanacheka. Mi sitasema tena.»

Sasa musikie. Wangereza wenyewe, na watu wa nchi zilizofuata Kingereza chao, mara nyingi wanasema «my family are» wakifikiri juu ya watu waliomo ndani, mmoja mmoja. Wakifikiri juu ya jamaa kama kitu kimoja, wanasema «is». Wamarekani wanapenda «is» zaidi. Njia zote mbili zimo katika vitabu. Ni vile pia kwa «team», «committee», «class». Kwa hiyo yule mtoto hakukosa. Alikuwa anamwona mama yake, na dada zake, na mdogo wa mwisho, kila mmoja kwa sura yake, na kitenzi chake kiliwahesabu. Waliocheka walijua nusu ya sheria.

Tangu hapo tuliweka kanuni kwa kundi letu, na walimu waliikubali: anayecheka asimame, aeleze kwa ubao sababu ya kucheka. Ajabu, kicheko kimepungua sana! Wengi walisimama wakaona hawana la kueleza. Tena tumewakalisha wawili wawili: aliyekulia kwa Kifaransa pamoja na aliyesoma Uganda. Huyu wa Kifaransa anajua kutafuta «sujet» na kuipigia mstari chini, lakini mdomo wake ni mzito. Huyu wa Uganda anasema upesi, lakini ukimuuliza sababu, anasema «inasikika vile». Mmoja ana sheria, mwingine ana sikio. Wakikaa pamoja juma mbili, kila mmoja anaiba kwa mwenzake, na ni wizi usio na hatia. Yule mdogo wetu leo njo anasomea wenzake maneno ya kuandika, kwa sauti, na wote wanamtegea sikio sababu «s» yake inasikika mpaka benchi ya nyuma.

Kwa walimu wetu tunatoa ombi dogo, kwa heshima. Mifano ya vitabu inasema juu ya theluji na treni. Tumeona kwamba mtoto anashika upesi akipewa bei ya nyanya, mifuko ya mahindi, na kondoo. Mukikubali, tutakusanya mifano ya hapa kwetu, mia moja hivi, na kuiandika vizuri ili kalasi zinazokuja zisianze upya.

Na sasa ninyi wasomaji, hatuwaachi muende mikono mitupu. Mujaze nafasi hizi kwa «is», «are», «has» ao «have»:

a) The bags of coffee in the store ... dry.
b) One of the bags ... a hole.
c) Everybody in our village ... a garden.
d) My brother, together with his friends, ... at the market.
e) The news from Bunia ... good today.
f) There ... two cows and a goat on the road.
g) Fifty thousand shillings ... too much for this bicycle.
h) The number of desks in our class ... small.

Mulete majibu yenu kwa kalasi yetu mbele ya siku ya sita, na kwa kila jibu mutuambie chifu ni nani. Jibu bila chifu hatulipokei, hata likiwa sawa, sababu mtu anaweza kulipata kwa bahati. Majibu ya kweli tutayaandika katika namba inayokuja.

Tunakomea hapa, karatasi imejaa. Tunawatakia wote kazi njema, na sisi wa kalasi ya mwisho mutukumbuke katika maombi yenu, maana siku za mtihani ziko karibu. Samahani, tuhesabu vizuri: siku ni nyingi, basi ziko, mtihani ni mmoja, basi unatungojea.

Ni sisi, wa kalasi ya mwisho.